Mabega Bado Sijakata

4 Februari

Mume wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekula. Uzima wako nauombea kila siku, kwa hiyo sina wasiwasi nao. Tumbo lako ndilo silisemei, maana mwanamume anayeishi peke yake hula pale anapokumbuka. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, bado anagombana na bomba la jikoni linalovuja, na bado bomba linashinda. Chumba cha mbele kimejaa sare za shule mpaka nalazimika kupita kiubavu ndipo niifikie cherehani. Shule zimefunguliwa, na kama kawaida kila mzazi amegundua jana kwamba mtoto wake ana miguu mirefu kuliko mwaka jana.

Habari za damu yangu usiziulize kwenye simu. Nilishakwambia, kwenye simu wewe unasema "niko poa, bibi," na mimi nasema "mimi pia," tunakata, na hakuna aliyesema kitu. Mambo ya maana tuandikiane. Basi, huu ni mwaka wa tatu nameza kile kidonge cha kila asubuhi, na daktari anasema chembe nyeupe zimetulia, saratani imelala. Kliniki nakwenda, nakaa benchi lile lile na mwenzangu yule Mwalimu. Nadhani nilikusimulia habari zake: anafundisha hesabu, ni mama bado kijana, ana binti wa darasa la pili, ana ugonjwa kama wangu na kidonge kama changu. Tunacheka pale mpaka nesi anatutazama kama tumekosea mlango.

Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko. Nikasema unafuga. Wakauliza, ng'ombe? Nikasema seli. Jirani wa mlango wa pili akataka kujua kama zinatoa maziwa. Hebu nieleze vizuri nisizidi kuaibika.

Jambo langu lenyewe ni hili. Nimepata kitambaa cha shati lako. Ni buluu iliyokolea, kizito, hakitaki pasi kila siku, kwa sababu nakujua. Nimekiweka rafuni. Usinitumie namba. Unafahamu kwamba sikati kitambaa kwa namba za kuambiwa, hata aje nani. Nakupima kwa mkono wangu, nachora kwa chaki, ndipo nashika mkasi. Kwa hiyo unakuja lini?

Mke wako wa kwanza,
Bibi


27 Februari

Shikamoo mke wangu,

Barua yako imenikuta nimekula, na ushahidi ninao: sufuria bado chafu. Mwambie mama bomba halibembelezwi, kuna kampira ndani kanabadilishwa. Mimi mzima. Chumba changu ni kile kile cha juu ya duka la dobi, mashine zikianza kuzunguka vijiko vinatetemeka kabatini. Nimezizoea kiasi kwamba Jumapili zinaponyamaza nakosa usingizi. Mke mwenzako bado hajapatikana, kwa hiyo punguza wivu.

Sasa mwambie jirani kwamba hazitoi maziwa. Nafuga seli za saratani ya damu, ndugu wa hiyo uliyo nayo. Zinakaa kwenye chupa bapa, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, zikielea kwenye maji ya rangi ya waridi yenye sukari na chumvi. Kila baada ya siku mbili nazibadilishia maji. Zilitoka kwa mgonjwa mmoja aliyefariki kabla sijazaliwa. Seli zake ziligandishwa kwenye baridi kali, zikaamshwa, zikagawiwa maabara moja hadi nyingine, na mpaka leo zinagawanyika kama vile hakuna kilichotokea.

Ugonjwa wenu huu unaanzia kwenye protini moja tu. Imekaa ndani ya seli inaamrisha "gawanyika, gawanyika" bila kupumzika. Protini hiyo ina tundu, na kidonge chako kinakaa kwenye tundu hilo kama kifungo. Kikishakaa, amri inakoma na seli inakufa. Kuna wagonjwa ambao dawa huwafaa miaka, kisha inaacha kuwafaa, na kazi yangu ni kujua kwa nini. Kwa hiyo nazifundisha seli zangu usugu. Nazipa dawa kidogo, isiyotosha kuziua zote. Nyingi zinakufa, chache zinabaki. Hizo chache zikishapata nguvu nazipa kidogo zaidi. Baada ya miezi zinaogelea kwenye dawa ambayo mwanzoni ingezimaliza. Hapo nasoma jeni zao nione zimebadilika wapi. Kwa nyingine ni herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi marefu ya ile protini, basi tundu limeota kinundu na kifungo hakiingii tena. Nyingine tundu liko vile vile, lakini zimejijazia pampu ukutani, zinaitoa dawa nje, kama mama anavyofagia maji ya mvua kuyarudisha mlangoni. Juzi chupa yangu moja ilifikia dozi ya juu kabisa ikiwa hai, na Profesa alinipigia makofi mbele ya watu. Nilijisikia fahari, bibi, siwezi kukuficha.

Shati nalitaka sana. Nikipata nafasi nitakwambia. Shida ni kwamba seli hazijui likizo.

Mume wako asiye na ng'ombe


2 Mei

Mume wangu,

Nimechelewa kujibu. Natumaini hukununa, na kama ulinuna, basi ulinuna huku unakula. Mama yako alibadilisha kampira, bomba limenyamaza, na sasa hana wa kugombana naye amenigeukia mimi. Sare zimeisha, nashona mapazia ya ofisi moja, madirisha yao marefu utadhani wanaishi twiga. Uzi wa kijivu umeniingia mpaka kwenye chai.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nilicheka sana. Mtoto niliyemshonea sare tangu darasa la kwanza, kumbe amevuka nchi zote hizo kwenda kuufundisha ugonjwa! Mara ya pili sikucheka. Nilimfikiria yule mgonjwa wako wa zamani. Alikuwa na watoto? Wanajua? Mtu amezikwa, watu wamelia wamerudi makwao, kumbe ugonjwa wake haukwenda naye, umebaki unabadilishiwa maji. Mimi naomba wangu niondoke nao. Usije ukaniweka chupani.

Halafu nina swali dogo. Hiyo dawa kidogo unayozipa, ni kidogo kiasi gani? Tuseme, nusu? Na zinachukua muda gani kuzoea? Nauliza tu. Kuna mtu pale benchi alitaka kujua.

Vipimo vyangu ni vipimo. Daktari ametaka nirudi mapema kuliko kawaida yetu, labda amenikumbuka. Mwalimu hajambo, binti yake amepoteza meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kupitia pengo. Kitambaa chako kipo rafuni, nimekifunika na gazeti kisipigwe na jua. Hukuniambia lini.

Mke wako,
Bibi


19 Mei

Shikamoo bibi,

Leo sikuiti mke wangu, kwa sababu nina swali la mjukuu. Ni nani anayemeza nusu?

Nimepiga simu Jumamosi, mama akapokea, akasema umelala. Nimepiga tena Jumanne mchana, akasema umelala. Tangu nikujue hujawahi kulala mchana, hata ulipokuwa na homa ulilala na mkasi mkononi. Mama naye sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazamwa.

Bibi, dawa hii haina nusu. Nusu ndiyo ninayozipa seli zangu nikitaka zishinde. Kama huyo mtu wa benchi ni mtu wa benchi kweli, mwambie leo hii aache. Kama ni wewe, niambie. Kwenye karatasi yako ya kliniki kuna namba, ni asilimia, nayo inatakiwa iwe chini na ibaki chini. Niandikie namba hiyo ilivyo. Halafu mwombe daktari apeleke damu yako ikasomwe ile sehemu ya jeni inayotengeneza tundu. Atakuelewa.

Ningekuja mwenyewe, unajua ningekuja. Lakini chupa zangu ziko katikati ya safari, na nikiziondokea wiki mbili kazi ya miezi mingi inapotea, na hapa hakuna mwingine anayezijua tabia zake. Nisamehe. Nakuota, bibi. Naota niko chini ya meza yako ya kukatia, vipande vya kitambaa vinaniangukia kichwani, na wewe unaongea na wateja huko juu. Naamka nasikia mashine za dobi, nadhani ni cherehani yako.

Niandikie namba hata kama ni mbaya. Namba mbaya nitaizoea, kimya chako siwezi.

Mjukuu wako


11 Julai

Mjukuu wangu, kwa kuwa siku hizi mimi si mke,

Natumaini u mzima na hasira zimepoa. Hapa mapazia yameisha, madirisha yamefunikwa, twiga wameridhika. Mama yako amenipigia magoti nikuandikie, kwa hiyo ukiona mahali pamelowa ni machozi yake, si yangu.

Ni mimi. Mwishoni mwa mwaka jana dawa ya Mwalimu ilikatika. Yangu nilikuwa nimeshaichukua, yeye siku yake ilifuata, alipofika dirishani akaambiwa mzigo haujaja. Akarudi akakaa benchi. Hakulia. Alimvuta binti yake katikati ya magoti akaanza kufumua nywele zake na kuzisuka upya, nywele ambazo zilikuwa zimesukwa vizuri kabisa. Wewe ungefanyaje? Nilitoa mkasi wangu mdogo wa kukatia uzi, nikakata kidonge pale pale. Nusu yake, nusu yangu. Ikawa kila Jumatatu nampelekea nusu zake kwenye bahasha, mpaka mzigo ulipokuja.

Barua yako ya kueleza unavyozifundisha ilinikuta mezani, mkasi mkononi, kidonge mbele yangu. Nikaisoma. Nikaelewa kila neno, umeeleza vizuri mno, ungekuwa mwalimu. Halafu nikakata. Mzigo ulikuwa haujafika bado, na nisingeweza kwenda kumwambia yule mama kwamba mwenzio sasa nimeelimika. Kwa hiyo usinigombeze. Sijutii, na ungekuwa umekaa pale benchi ukajaribu kunizuia ningekukata na wewe masikio.

Namba hii hapa. Ilikuwa chini ya moja. Sasa ni kumi na mbili. Daktari ameongeza dozi, haikushuka. Damu imepelekwa kusomwa, na aliamua mwenyewe kabla sijamwomba, kwa hiyo usijisifu.

Haya, nimesema. Sasa zamu yako. Mwezi wa pili uliniandikia kwamba seli za yule marehemu ziligandishwa, zikaamshwa, zikaendelea. Barua ninayo hapa. Kama zake zilikaa kwenye baridi miaka, zako zinashindwa nini wiki mbili? Sitaki kukusumbua. Lakini nina hamu na wewe kiasi kwamba jana nilimwita mteja kwa jina lako la utani, na ni mzee mwenye kipara.

Bibi


2 Agosti

Shikamoo mke wangu,

Narudisha jina, nimelikosa mimi zaidi yako. Nimelisoma lile la mzee mwenye kipara nikacheka peke yangu kwenye ngazi, kisha nikakaa pale pale kwenye ngazi.

Sikugombezi. Nakwambia ninachokijua tu. Dawa haibadilishi herufi. Herufi hukosewa yenyewe wakati seli inajinakili, kama wewe unavyoruka mshono mmoja ukiongea na mtu. Dawa inachofanya ni kuua nyingine zote na kuiachia nafasi ile iliyokosewa. Huenda seli hiyo ilikuwepo ndani yako kabla hujakata kidonge cha kwanza, na ingekuja juu hata kama ungemeza kizima kila siku. Huenda zile nusu ndizo zilizoipa upenyo. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Nimekaa mbele ya chupa zangu jioni kadhaa nikitafuta jibu litakalokufurahisha, sikulipata.

Lakini sikiliza. Wakikuta ni ile herufi ninayoidhania, ipo dawa mpya zaidi, iliyotengenezwa iweze kuingia licha ya kinundu. Nimeijaribu kwenye chupa zangu. Zilikufa, bibi. Nimezitazama kwenye darubini zikisinyaa moja baada ya nyingine.

Kuhusu kugandisha, ni kweli hugandishwa, ila haziamki zote sawa, na kuna ripoti ya Profesa inayotakiwa, na mwenzangu mmoja yuko likizo. Nadhani mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili nina hakika. Najua hutaki namba, lakini nimemwomba mwenzangu wa maabara anipime: bega hadi bega, kifua, mkono, shingo, zote ziko nyuma ya karatasi hii. Ziweke tu karibu na kitambaa, zikae hapo.

Mume wako


6 Septemba

Mume wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo.

Majibu yamekuja. Ni hiyo herufi yako. Daktari alinichorea tundu kwenye karatasi, nikamwonyesha kwa kidole, kinundu kiko hapa, akashangaa. Nikamwambia nina mume huko ng'ambo ananiandikia. Dawa mpya imeombwa, inatoka mbali, tunaingoja. Mwalimu yeye namba yake imeshuka tena, iko chini kabisa. Kidonge ni kimoja, mkasi ni mmoja, nusu yake imemtosha. Nimefurahi kweli, usidhani nasema hivi kwa uchungu. Ila kila akiniona analia, nimemwambia akiendelea nahama benchi.

Cherehani anakanyaga mama yako siku hizi. Anashona kama anafukuzwa. Mimi nakaa karibu naye namwelekeza, na mchana sasa nalala kweli.

Nimechukua namba zako. Nimekata kitambaa. Nimekata mgongo na kifua. Mabega bado sijakata. Nimejaribu jana na leo, nikiweka mkasi pale mkono unakataa. Labda kesho.

Usihangaike kujibu haraka. Kazi kwanza.

Bibi


21 Septemba

Mke wangu, shikamoo,

Nilipofika pale ulipoandika umekata kitambaa sikuweza kuendelea. Nilishuka nikasimama mbele ya duka la dobi kama mtu aliyesahau nguo zake ndani. Mwenye duka akanitolea kiti. Nikamwambia bibi yangu amekata shati. Akasema hongera.

Hajui. Mimi najua. Mkuu wa shule alikuja na namba zake kwenye karatasi yenye mhuri, ukamrudisha mlangoni avue koti apimwe. Binti yako mwenyewe, siku ya harusi yake, ulimpima upya asubuhi ile. Hujawahi kukata kwa namba maisha yako yote, na sasa umekata kwa zangu. Umeacha kuningoja. Nami ndiye niliyekutumia namba.

Basi ukweli wangu ni huu. Nilikwambia chupa zilikufa. Mbili hazikufa. Zile mbili zina herufi ya pili iliyobadilika juu ya ile ya kwanza, na hata dawa mpya haiziwezi. Sijui kama ndani yako ziko za namna hiyo. Hakuna anayejua bado. Lakini tangu mwezi wa tano, uliponiuliza habari za nusu, nimekuwa nakaa na chupa hizo nikitafuta kitu cha kuzishinda, kwa sababu nilitaka nifike mlangoni kwako nina jibu mkononi. Niliogopa kuja na mikono mitupu nikae ukingoni mwa kitanda nikutazame. Ugonjwa huu kwenye chupa najua pa kuushika. Kwako sijui, bibi. Kilichonizuia ni hofu tu, wala si kazi.

Leo asubuhi nimezigandisha zote. Nilijaza vichupa, nikaandika tarehe, nikavishusha kwenye tangi la baridi, moshi mweupe ukapanda, nikafunga kifuniko. Profesa aliniuliza nitarudi lini, nikasema sijui, akanitazama kisha akanisaidia kubeba. Ni kazi ya asubuhi moja. Zinaweza kunisubiri miaka kumi na zisijue kama nimeondoka. Sisi wawili hatuna uwezo huo.

Naondoka tarehe tano mwezi ujao, nitafika kesho yake. Mabega usiyaguse, nakuja nayo.

Mume wako


5 Oktoba

Mume wangu,

Barua yako ilifika juzi, mama yako akaisoma kwa sauti, tukasimama mara tatu njiani kwa sababu ya machozi yake. Tangu hapo anapaka rangi chumba cha nyuma ambacho hakikuomba kupakwa rangi. Jirani wa mlango wa pili ameuliza kama unakuja na ng'ombe.

Dawa mpya imekuja Jumanne. Ni kidonge kidogo mno, nilikitafuta kiganjani. Mwalimu alikuwepo, alinishikilia glasi ya maji. Nimekimeza kizima, mbele yake, na sikumpa hata chembe. Tumecheka mpaka nesi akaja kutazama. Kama ndani yangu kuna zile mbili zako, zipo. Kama hazipo, hazipo. Tutasomewa namba mwezi ujao na utakuwa umekaa benchi, na ukitaka kuogopa utaogopea hapo hapo karibu yangu, nafasi ipo.

Umeniandikia habari za mikono mitupu. Mwaka mzima nimeitamani hiyo mikono. Sindano siku hizi siioni tundu lake, mama yako hana subira, nahitaji mtu asiyeshika kitu chochote aniingizie uzi. Nilikuwa na hamu na wewe, si na jibu. Ningekwambia mapema, lakini nawe ulikuwa unaniandikia mambo ya pampu na vinundu kwa raha, nikaona nisikuharibie.

Kitambaa kiko mezani. Karatasi ya namba zako nimeichana, na huyo mwenzako mwambie hajui kupima, kile kifua alichoandika ni cha mtoto. Kwa bahati nimeacha pindo pana. Chaki nimeichonga. Futi ninayo shingoni tangu asubuhi, mama yako ananicheka, anasema unafika kesho si leo. Najua ni kesho. Naivaa ili nisiitafute.

Sasa ananiuliza namwandikia nani na mtu mwenyewe yuko njiani. Nimemwambia nimeshazoea, mkono haujui kama wewe umeondoka. Nimeandika anwani yako ya juu ya duka la dobi, stempu nimebandika, na nitaituma hivyo hivyo. Miaka yote hii kila nikikuandikia naanza kwa kutumaini barua itakukuta. Hii, mume wangu, natumaini haitakukuta.

Mke wako,
Bibi